PC ya kujiundia inaganda kwenye gemu: mwongozo kamili wa kutafuta ubovu kabla hujatoa pesa

Kama umejiundia PC na kila ukiingia kwenye gemu inaganda, ombi langu la kwanza ni moja, usinunue chochote bado. Utaambiwa badilisha grafiksi kadi, utaambiwa weka pawa saplai kubwa, utaambiwa hiyo rami ni feki, na kila mtu anaongea kwa yakini ilhali hajaiona mashine yako hata mara moja. Mtu wa Nairobi akikosea kununua, kesho yake anarudi dukani wanaelewana. Sisi huku Lamu kitu kinatoka Nairobi ama Mombasa, kinakaa kwenye basi Malindi, Garsen, Witu mpaka Mokowe, kisha kivuke maji kwa boti, na ukija kugundua siyo hicho kilichoharibika basi nauli imeenda na duka lishasema bidhaa ikifunguliwa hairudi. Kwa hivyo nimepanga hivi: vipimo vya bure kwanza, kufungua kasha baadaye, pesa mwisho kabisa.

Na sharti la kazi yote hii, badilisha kitu kimoja, jaribu, andika, ndio uende kwa kingine. Watu wanatoa rami, wanaapdeti draiva, wanapaka pesti mpya ya kupitisha joto la prosesa na wanashusha setingi za gemu, yote jioni moja, PC inatulia siku mbili tatu halafu inarudia, na hapo hawajui tena ni kipi kilisaidia. Weka daftari karibu na kibodi. Andika ni gemu gani, umecheza kwa muda gani, ilikuwa saa ngapi na iliganda vipi. Hiyo saa ina maana kubwa, nitaeleza tukifika kwenye stima.

Angalia inaganda vipi

Usikimbilie kuristati. Dakika ile ile imeganda ndio una ushahidi mbele yako.

Picha imesimama lakini sauti ya gemu inaendelea na wenzako kwenye maiki bado wanakusikia: mashine iko hai, kilichokwama ni grafiksi kadi, draiva yake ama gemu yenyewe. Bonyeza Windows + Ctrl + Shift + B kwa pamoja, hiyo inaamsha upya draiva ya grafiksi, skrini inapepesa na unasikia mlio mfupi. Picha ikirudi umeshajua upande wa kuanzia.

Picha imesimama na sauti imekwama kwenye mlio mmoja zzzzz, ukibonyeza Caps Lock taa ya kibodi haiwaki wala haizimiki: mashine nzima imesimama. Hapo fikiria rami, prosesa, volteji, na madabodi iwe ya mwisho.

Skrini nyeusi huku feni za grafiksi kadi zinavuma kwa nguvu zote: mara nyingi kadi imekosa umeme wa kutosha, ama waya wake haukukaa vizuri, ama imezidiwa na joto. Ikizima pap ama ikajiristati bila onyo, pawa saplai na joto la prosesa ndio wa kwanza kushukiwa. Gemu ikijifunga tu ukarudishwa desktop, anza na faili za gemu, draiva na rami.

Na ikikwama sekunde mbili tatu halafu ikaendelea, hiyo ni habari nyingine, ni kigugumizi, sababu zake huwa ni diski imechoka, rami imejaa, ama prosesa inajipunguza kasi kwa ajili ya joto. Kama una Ryzen (prosesa ya AMD) na hujawahi kuapdeti BIOS, ile programu ya ndani ya madabodi, jua pia kwamba mwaka 2022 AMD walitangaza kuna kigugumizi kinacholetwa na fTPM, sehemu ya usalama ya mashine, na dawa yake ikaja kwenye BIOS mpya.

Soma Windows imeandika nini

Ikishawaka tena fungua Event Viewer, ingia Windows Logs halafu System, tafuta dakika ile iliyoganda. Utakuta alama nyekundu ya Kernel-Power 41 na hapo wengi wanaruka, "ni pawa saplai, imeandikwa Power". Hapana. Hiyo 41 inasema tu kwamba mashine ilizima bila kufungwa vizuri, na wewe ndiye uliyeizima kwa kubonyeza kitufe. Haisemi sababu. Angalia zilizo juu na chini yake.

WHEA-Logger ndio ya kuogopa, maana hapo kifaa chenyewe kimeripoti kosa. Namba 18 ni kosa lililoiua mashine, 19 ni kosa lililosahihishwa, na zile 19 zikijaa kila siku basi kuna kitu kinaenda ukingoni, mara nyingi kasi ya rami ama prosesa iliyoongezwa kasi. Display 4101 inamaanisha draiva ya grafiksi iliacha kuitika ikaamshwa upya. Kwa kawaida Windows inaisubiri sekunde 2 tu kabla ya kuiamsha. Ukiona disk 7, disk 153 ama 129, geukia diski, usipoteze muda na grafiksi.

Kama hiyo orodha inakuchosha, andika perfmon /rel kwenye Run (bonyeza Windows + R), inafunguka Reliability Monitor, inakupangia siku kwa siku na misalaba myekundu. Inafaa sana kuona ubovu ulianza lini. Ukiona ulianza siku ile ile draiva mpya iliingia, umepunguza kazi nusu.

Joto, na hapa kwetu joto siyo mchezo

Pakua HWiNFO64, programu ya kusoma joto na volteji, ni bure. Ukiifungua chagua Sensors, chini kuna kitufe cha kuanza kurekodi, inaandika kila kitu kwenye faili ya CSV kila sekunde mbili hivi. Hii ndio hila ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mashine ikiganda huwezi kusoma skrini, lakini faili imebaki, ukiwasha tena unafungua mistari ya mwisho na unaona hasa prosesa ilikuwa digrii ngapi, grafiksi digrii ngapi na volteji ya 12 ilikuwa wapi kabla ya kuganda. Mistari kumi ya mwisho inakwambia mengi kuliko mafundi watano.

Sasa namba. Prosesa nyingi za Intel za desktop mwisho wake ni digrii 100, Ryzen nyingi ni 90 ama 95 kulingana na modeli, na zikikaribia hapo zinapunguza kasi zenyewe. Kwenye gemu ukiona 70 mpaka 80 usijali. Kadi nyingi za NVIDIA zinaanza kujipunguza karibu na 83. AMD za RX 5000 na 6000 zina namba ya pili, ile ya sehemu yenye joto kuliko zote, na hiyo inaruhusiwa mpaka 110, kwa hivyo ukiiona 95 usipige kelele. Kinachotia shaka ni tofauti: kama joto la kawaida la kadi ni 70 na ile ya pili ni 105, pesti ya ndani imekauka ama hitisinki, lile bamba la chuma la kupooza, haikukaa sawa. Kadi za mitumba zilizochoshwa na uchimbaji wa sarafu za kidijitali huwa na tabia hiyo.

Jaribio la bure: fungua ubavu wa kasha, weka feni ya kawaida ya chumbani ipulize ndani, cheza gemu ile ile. Ikikaa bila kuganda ama ikachukua muda mrefu zaidi ya kawaida, joto ndio adui. Lakini usiiache wazi ndio iwe dawa. Hewa yetu ina chumvi, na nyumba za mawe za mitaa ya Mkomani na Langoni zina chokaa ya ukutani inayomwagika unga mweupe kidogo kidogo, unga ule unaingia kwenye mapezi ya hitisinki, unashika unyevu na kuganda kama simenti. Ukifungua kasha ukaona safu nyeupe, ishughulikie kwa brashi laini na kipuliza hewa, usipulize kwa mdomo maana mate yanaingia, na shikilia feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza.

Kisha angalia mambo ya uundaji. Feni za mbele ziingize hewa, ya nyuma itoe, na ile ya hitisinki ipulize kuelekea nyuma. Ule upande wa feni wenye fremu ya kushikilia injini ndio upande hewa inakotokea. Toa hitisinki ya prosesa uangalie kama ile nailoni ya kiwandani bado iko chini yake, hutokea zaidi ya watu wanavyokubali. Pesti mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, kaza skrubu kwa mkato, moja na ya mkabala wake, usimalize upande mmoja kwanza. Na sehemu ya kuweka PC: siyo ndani ya kabati, siyo chumba cha juu chini ya makuti saa nane mchana wa kaskazi, na siyo dirisha linaloangalia bahari. Chumba cha chini chenye kuta nene ni kizuri zaidi, wazee walijenga vile kwa sababu.

Rami

Huku pwani hapa ndipo nisipopapita haraka.

Kwanza ingia BIOS uzime XMP, ile profaili ya kuongeza kasi ya rami, kwa AMD mpya inaitwa EXPO. Rami ya DDR4 iliyoandikwa 3200 au 3600 kwenye boksi, kasi hiyo inapatikana kwa profaili ile na volteji ya 1.35 badala ya 1.2 ya kawaida. Ukizima inarudi 2133, 2400 ama 2666 hivi. Gemu itapungua fremu kiasi, sawa, lakini cheza siku kadhaa. Ikiacha kuganda umeshapata jibu bila kutoa hata shilingi: rami ama sehemu ya prosesa inayoongoza rami haiwezi ile kasi.

Pili, ziko kwenye soketi gani? Ukiwa na stiki mbili kwenye madabodi yenye soketi nne, karibu zote zinataka ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Na stiki mbili zilizonunuliwa mbali mbali, hata kama jina na namba ni zile zile, zinaweza kuwa na chipu tofauti ndani, zikawa kila moja ni nzima peke yake na pamoja zinagombana.

Tatu, kipimo chenyewe. Tengeneza flashi ya MemTest86, programu ya kupima rami, iwashe PC kutoka kwenye flashi, iache usiku kucha. Toleo la bure linazunguka mara 4, inatosha. Hapa hakuna "makosa machache tu". Kosa moja ni kosa, rami nzima inatoa sifuri. Ikileta makosa, toa zote, pima moja moja kwenye soketi ile ile, kisha stiki nzima uihamishe kwenye soketi nyingine, ndipo utajua ni stiki imekufa ama ni soketi.

Lakini kabla hujaihukumu stiki, iangalie. Kuna kijana wa Langoni alileta PC yake, akaniambia, "Ami, grafiksi kadi imekufa, nishaongea na jamaa wa Mombasa ananiwekea nyingine." Nikamwambia ngoja kwanza tuitazame. MemTest86 ilijaa nyekundu dakika za mwanzo tu. Tukatoa stiki, tukaziinamisha kwenye mwanga wa mlangoni, yale meno ya dhahabu yalikuwa hayang'ai, yana ukungu, na meno mawili matatu ya mwisho yana vidoa vya kijani kama vile vya senti ya zamani. Ni chumvi. PC ilikaa dirishani ikitazama bahari tangu alipoiunda. Tukazisafisha, tukazirudisha, tukapima tena usiku, sifuri. Ile kadi hakuinunua.

Namna ya kusafisha: zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kama sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe, shika chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote. Sugua meno taratibu kwa raba nyeupe laini ya penseli, futa vumbi lote la raba, halafu pitisha kitambaa kisicho na nyuzi chenye spiriti ya isopropyl, ile ya asilimia 99 ni nzuri zaidi. Iache ikauke. Soketi zenyewe zipulize hewa tu, usiingize sindano wala mswaki wenye maji. Ukirudisha sukuma mpaka usikie tak pande zote mbili. Fanya vivyo hivyo kwa meno ya grafiksi kadi.

Stima, waya na pawa saplai

Ile saa uliyoandika kwenye daftari sasa ndio kazi yake. Ukiona mchana haigandi na inaganda kuanzia Magharibi mpaka saa nne usiku, usitafute ubovu ndani ya PC tu. Stima yetu kwenye karatasi ni volti 240, lakini jioni kila nyumba imewasha pasi, taa, friji na pampu, na voltage inashuka. Nimewahi kukaa na rafiki tukitazama skrini, gemu inaenda vizuri, friji nyuma yetu ikafanya "tk" compressa ikaanza, na sekunde hiyo hiyo skrini ikawa nyeusi feni zikavuma. Tukasubiri friji ipumzike ianze tena, ikawa vile vile. Friji na PC zilikuwa kwenye ekstensheni moja nyembamba. PC ikahamishiwa soketi yake ya ukutani na ubovu ukaisha. Kwa hivyo kabla ya pawa saplai, badilisha soketi, ondoa ekstensheni, shika plagi baada ya nusu saa ya gemu uone kama ina joto. Plagi ya joto ni mgusano mbaya, hiyo ni hatari ya moto pia, siyo gemu tu.

Ukigusa kasha ukahisi kutekenywa kidogo kwenye vidole, hasa ukiwa peku, nyumba haina athi (waya wa kupeleka umeme ardhini) inayofanya kazi. Mwite fundi wa umeme aliye na leseni aangalie athi, hilo usilifanye mwenyewe na usilikalie.

Ndani ya PC sasa. Soketi ya PCIe, pale grafiksi kadi inapochomekwa, inatoa watt 75, waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. Kadi yenye tundu mbili za pini 8 ipewe nyaya mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai, siyo waya mmoja wenye vichwa viwili, kwa sababu kadi za siku hizi zinavuta umeme kwa kurukaruka, kwa muda mfupi sana zinapita mbali ile watt iliyoandikwa, na pawa saplai dhaifu inashtuka. Zile kadi mpya za waya wa pini 16, sukuma mpaka hakuna mwanya hata wa ukucha, na waya usipindwe karibu na kichwa. Chomoa nyaya zote uangalie kama kuna plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia.

Volteji ya 12 inatakiwa ikae kati ya 11.4 na 12.6. Kwenye ile CSV ukiona inashuka chini ya 11.4 gemu ikichanganya, shuku, ila sensa za madabodi nyingine zinadanganya, kwa hivyo hakikisha na multimeta ya fundi. Na ile 80 Plus ya Bronze ama Gold inazungumzia upotevu mdogo wa umeme, siyo dhamana kwamba pawa saplai ni imara.

Jaribio la bure ambalo linaniokolea watu pesa nyingi: weka MSI Afterburner, shusha power limit (kikomo cha umeme) ya kadi mpaka asilimia 70, kisha funga fremu kwenye 60. Cheza. Kama ilikuwa inaganda kila jioni na sasa haigandi kabisa, basi ni umeme ama joto, na kama CSV inasema joto ni zuri, umebaki na umeme. Hapo ndipo mazungumzo ya pawa saplai mpya yanapoanza, siyo kabla.

Usifungue pawa saplai yenyewe. Kapasita za ndani zinashika umeme hata ukiwa umechomoa waya, na umeme ule unaua.

Kuhusu UPS, ile betri ya kushikilia PC stima ikipotea, usitazame VA peke yake, tazama na watt. UPS nyingi za VA 650 zinabeba chini ya watt 400, ukiiwekea PC ya gemu, skrini na spika, stima ikipotea inazima papo hapo. Na zile za bei nafuu zinatoa wimbi la umeme la kuiga, pawa saplai nyingine haziipendi, tafuta iliyoandikwa pure sine wave.

Draiva na grafiksi kadi

Hapa fupi. Pakua draiva mpya kabla hujafuta ya zamani, maana ni faili kubwa, na kama unatumia bando za simu hutaki kukwama katikati. Pakua pia DDU, programu ya kufuta draiva. Zima intaneti, ingia Safe Mode, endesha DDU ifute draiva yote, ristati, weka mpya, ndipo uwashe intaneti. Bila kuzima intaneti Windows inakuwahi kuweka draiva yake. Kama draiva mpya ndiyo iliyoleta ubovu, rudi kwenye ile ya kabla yake na ukae nayo, huna haja ya kukimbilia kila toleo. Zima kasi zote za ziada, hata zile za kiwandani kama programu ya kadi inaruhusu. Ukitumia waya wa kurefusha PCIe ili kadi isimame wima, ingia BIOS uiweke Gen 3 (kasi ndogo ya PCIe), ama bora uichomeke moja kwa moja ujaribu.

Prosesa ikiwa na grafiksi yake ya ndani, toa kadi utumie PC hivyo hivyo siku moja na gemu nyepesi. Ikiganda bado, kadi haina kosa. Prosesa za Intel zenye F mwishoni hazina grafiksi, hapo jaribio hilo halipo.

Diski na Windows

CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, ikiandika Caution, hamisha faili zako leo. SSD isijae, iachie angalau asilimia 15, na usizime page file (nafasi ya diski inayosaidia rami) kwa sababu mtu alisema inaongeza kasi, gemu nyingine zinagoma bila hiyo. Hamishia gemu kwenye diski nyingine kama unayo, hakiki faili zake, kisha fungua Command Prompt kama msimamizi uandike sfc /scannow.

Prosesa na BIOS

Ukiwa na Intel ya desktop ya kizazi cha 13 ama 14, ya watt 65 kwenda juu, soma hapa vizuri. Mwaka 2024 Intel wenyewe walisema volteji ilikuwa inapanda kupita inavyotakiwa na prosesa zinachakaa, wakatoa maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x129 mwezi Agosti na 0x12B Septemba, ambazo zinaingia kupitia BIOS, na wakaongeza waranti kwa miaka miwili. Dalili yake inadanganya sana: gemu inajifunga ikisema memori ya video haitoshi, na mwenye PC anaenda kununua grafiksi kadi yenye memori kubwa zaidi kumbe kadi haina neno. BIOS mpya inazuia uchakavu, haiponyi prosesa iliyokwisha chakaa, hiyo ni ya kurudisha kwa waranti.

Na BIOS usiiapdeti stima ikiwa inacheza. Ikikatika katikati madabodi inaweza isiwake tena. Fanya asubuhi mapema, PC ikiwa kwenye UPS iliyojaa, na faili iwe ya modeli yako hasa, pamoja na namba ya toleo la bodi iliyochapishwa kwenye ubao wenyewe.

Bado inaganda?

Toa kila kitu kwenye kasha. Weka madabodi juu ya boksi lake la karatasi, prosesa na hitisinki, stiki moja ya rami, grafiksi kadi, diski moja. Hakuna USB za mbele, hakuna taa za rangi. Ikitulia hivyo, ubovu uko kwenye kasha: angalia zile nguzo ndogo za shaba chini ya bodi, kama kuna moja imewekwa mahali pasipo na tundu inagusa nyuma ya bodi na kufanya shoti. Kisha rudisha kimoja kimoja. Isipotulia, sasa azima. Pawa saplai ya rafiki kwa jioni moja, kadi ya binamu kwa siku moja, ndio kipimo kisichobishaniwa. Ukiipeleka PC ng'ambo ya mji ama kuivusha Mokowe, itoe grafiksi kadi kwanza uibebe mkononi kwenye nguo, kwa sababu boti ikipiga wimbi uzito ule unavunja soketi, na hapo utakuwa na ubovu wa pili.

Ukishajua ni nini, agiza hicho tu, na kabla ya kulipa uliza kwa maandishi kama kitarudishwa kikifika kibovu na nauli ni ya nani. Kikifika, kijaribu kwa gemu ile ile, saa ile ile iliyoandikwa kwenye daftari, wiki nzima. Ndipo urudishe ulivyovizima, kimoja kwa siku kadhaa: power limit kwanza, kisha fremu, XMP mwisho. XMP ikirudisha kuganda usirudi 2133 moja kwa moja, iache profaili iwake halafu shusha kasi kwa mkono kutoka 3200 mpaka 3000, ama 2933, upime tena na MemTest86.